Mabati Saba, Nimehesabu Mara Tatu

Jumatatu, 4 Agosti

Nimekasirika mpaka kalamu inatoboa karatasi!

Leo kwa mkutano wa maji Mbugua, chairman wetu, alisimama na ile koti yake ya ngozi akasema nyumba ya mabati inashuka. Tarehe ishirini na tatu, Jumamosi, saa nne asubuhi. Lori ya chuma kuukuu ishaitwa kutoka Kitengela. Hapo patajengwa maduka ya kisasa — tiles, glasi, choo ya ndani. Watu wakapiga makofi. Choo ya ndani!

Hiyo nyumba ndiyo nimekuwa nikiomba tangu Mei. Niko na vitabu sitini na nne kwa karatoni tatu chini ya kitanda. Nataka tu mahali mtu anaweza kukaa asome, awe mtoto awe mzee. Na nyumba iko pale tu, inaweka majembe zimevunjika na mbuzi ya Mzee Gichuru ikikosa adabu.

Na si nyumba hivi hivi. Ndiyo ya kwanza hapa. Familia saba zilikuja wakati huku kulikuwa nyasi na swara peke yake. Kila familia ikatoa bati moja, wakaunganisha, wakapata paa. Ikawa kanisa, ikawa nursery, ikawa duka, na maji ya mvua ikashuka kwa drum ya wote. Ndio maana tunaitwa Mabati Saba! Ukishuka Kisaju hapo kwa lami useme hilo jina, mtu wa boda hakuulizi mara mbili. Sasa tutaitwa nini? Tiles Saba?

Nikainua mkono. Mbugua hakungoja nimalize. Ati Caro, mwaka juzi ilikuwa sungura, ziko wapi? Mwaka jana uyoga. Halafu kutengeneza simu. (Simu ya Mama Kimani bado iko kwangu, vipande vipande. Sawa, nakubali.) Sasa ni vitabu. "Wewe ni kiberiti, Caro. Unawaka vizuri sana — sekunde mbili." Watu wakacheka. Hata mimi nikacheka kidogo, alisema vizuri. Lakini imeniuma.

Kuna sheria ya zamani: nyumba haiguswi mpaka wenye bati wote wakubali. Nikasema moyoni, poa, Cucu ni mmoja wao, Cucu atakataa. Mbugua akafungua karatasi. Familia saba, zote zimekubali. Na ya kwanza kabisa, juu — kidole gumba ya Cucu Rahab. Nyanya yangu mwenyewe! Tunakula sufuria moja!


Jumanne, 5 Agosti

Hatuongei na Cucu. Ni ngumu kwa sababu yeye ndiye anapika.

Nilimuuliza mara moja tu, mbona aliweka kidole. Akasema anachambua maharagwe. Nikauliza tena. "Hiyo nyumba imezeeka. Hata mimi nimezeeka, na hakuna mtu amewahi niletea vitabu." Akaendelea na maharagwe.

Nikaenda kwa Valerie. Yeye ni tenant hapa, mwalimu, anafundisha Kitengela, sasa shule imefungwa. Nusu ya vitabu ni yeye alinipatia. Akaniambia, kama nyumba inaenda, isiende bila kuandikwa. Andika historia yake. "Na umalize, Caro. Tafadhali." Hata yeye!

Nimenunua daftari ya green. Sentensi ya kwanza nimeandika: Familia zilikuwa saba. Nimeipenda. Iko na uzito.


Jumatano, 6 Agosti

Mzee Gichuru! Kati ya wanaume wale walikuja, amebaki yeye peke yake. Miaka themanini na nne, meno sita, stori elfu.

Walikuja 1986 juu ya lori ya viazi. Kuku kwa gunia, kitanda bila miguu, na bibi zao wamekasirika. Walinunua shamba kwa mzee mmoja Mmaasai, na siku ya kupeana mkono wanaume waliapa: tumenunua, hatutarudi kwa boma yako kuomba kitu tena, hata chumvi. "Mwanaume akishanunua, haombi." Alisema hivyo kifua mbele, na kifua yenyewe haiko.

Upepo ndiyo ilikuwa adui. Wiki ya kwanza ilichukua kofia yake, na yeye anaamini iko Tanzania. "Upepo ya siku hizi ni ya plastiki."

Akatoa mkebe ya mafuta ya kupika, ndani kuna daftari imekuwa rangi ya chai. Sheria iko hapo, nimeinakili vile iko: "Mtu asitoe bati yake mpaka wenye bati wote wakubali." Na kila familia ilipaka herufi yake na rangi nyekundu juu ya bati, ndio wakikosana kila mtu ajue yake.

Nikamwambia, kumbe hamkuwa mnaaminiana!

"Tuliaminiana sana," akasema. "Rangi ilikuwa ya kusaidia."


Jumamosi, 9 Agosti

SIJUI NIANZIE WAPI.

Nilipanda juu ya nyumba kupiga picha za zile herufi. Valerie alishika ngazi. Upepo, vumbi, leso imenifunika uso, lakini herufi ziko! Zimefifia lakini ziko. Nikawa nahesabu bati, nikipiga picha, moja, mbili, tatu...

Nane.

Nikahesabu tena. Nane. Nikamwambia Valerie. "Shuka, jua imekupiga." Jua gani, ni Agosti, niko na sweta mbili! Akafunga dera kiunoni akapanda mwenyewe. Akahesabu na kidole kama mtoto wa nursery. Nane.

Nne upande huu, nne upande ule. Na hapo ndipo kichwa yangu ilipasuka. Paa iko na pande mbili! Zote sawa! Saba utagawanya aje mara mbili? Miaka yote hii watu wanaingia chini ya hiyo paa, wanabatizwa hapo, wanafundishwa HESABU hapo, na hakuna mtu ameangalia juu. Mimi mwenyewe nimesoma nursery hapo!

Saba ziko na herufi. Ya nane haina. Ilipakwa kitu nyeusi, lami ama masizi na mafuta, imebambuka, na chini yake kuna alama imekwaruzwa na msumari. Duara, halafu mistari miwili inatoka chini kama mikia. Hiyo si herufi. Nimeigeuza simu pande zote. Si herufi.

Na sheria haisemi saba. Inasema wenye bati WOTE. Kuna mtu mmoja hajaulizwa!


Jumapili, 10 Agosti

Kanisani sikusikia kitu, nilikuwa nahesabu mabati ya kanisa. Mpaka Mzee Gichuru akasimama kuomba. Maombi yake haibadiliki, naijua tangu nikiwa mdogo: asante kwa mvua, asante kwa ndama, asante kwa upepo ulitukumbuka. Leo ndio nimeshtuka. Upepo gani?

Nikamngoja nje. Kwanza akacheka, akasema hiyo ni stori ya zamani. Zile bati saba hazikutosha. Upande mmoja ulibaki na pengo, mwaka mzima pengo liko tu wazi. Halafu Aprili 1987 wanaume walienda Kajiado kufuata makaratasi ya shamba, mvua ikawashika huko siku tatu. Kurudi, pengo limezibwa! Bati nzima! Wakauliza imetoka wapi. Wanawake wakasema imeletwa na upepo.

"Na mkaamini?"

"Wewe hujui upepo ya wakati huo."

Ndio maana hawakuihesabu. Ni ya Mungu, haina familia. Ikabaki saba.

"Sawa Guka," nikasema. "Lakini upepo ilipigilia misumari?"

Akaangalia viatu vyake.

"Hiyo," akasema, "sijawahi fikiria."


Jumatatu, 11 Agosti

Nimeuliza nyumba tisa. Hakuna mtu anajua hiyo alama. Mama Kimani aliniuliza kuhusu simu. Nilikimbia.


Alhamisi, 14 Agosti

Leo ilikuwa siku ya ng'ombe. Kila Alhamisi ni hivyo — hatuchoti maji, hatuaniki nguo, Mama Kimani anafunga mlango wa duka, na ng'ombe za boma zote za huku zinapita katikati yetu kwenda kunywa kwa birika. Hakuna mtu anajua nani alianzisha. Ni Alhamisi tu. Tenant mpya hufunzwa na dunia. Shuka ya Valerie ilienda na pembe wiki ya kwanza, ikarudi Alhamisi iliyofuata, ikiwa imechakaa.

Nilikaa kwa ukuta wa birika na daftari. Sikuwa natafuta kitu. Nilikuwa naandika vile vumbi inaingia kwa chai. Ng'ombe moja ya brown ikageuka, ikanipatia mbavu.

Duara. Mikia miwili.

Nilipiga nduru mpaka ng'ombe zikatoka majini! Mchungaji, mtu mzima na kofia ya kusokotwa, akaniuliza kama nimeumwa na nyuki. Nikamwonyesha picha kwa simu. Akaangalia simu, akaangalia ng'ombe, akaniangalia mimi.

Ati hiyo ni alama ya boma ya Koko Resiato (koko ni cucu kwa Kimaa). Kule kwa kilima, penye migunga mitatu. Na ni nani ameiba bati yao?


Ijumaa, 15 Agosti

Jioni nilisema jina Resiato, hivi hivi tu, nikiangalia moto. Cucu alikuwa anasonga ugali. Mkono ikasimama.

"Nani?"

Cucu anasikia mbu ikipita Kajiado. Hajawahi niuliza "nani" hata siku moja.

"Resiato."

"Ongeza kuni."

Ni hayo tu. Lakini ugali imeungua. Cucu wangu! Ugali!


Jumamosi, 16 Agosti

Dakika ishirini kutembea, viatu imekuwa nyekundu. Nilikuwa nimejifunza salamu za Kimaa kwa simu siku mbili. Nikafika, nikainamisha kichwa vizuri, Koko Resiato akagusa na kiganja. Akaniambia "Takwenya!" Na mimi — badala ya kujibu "Iko" — nikasema "Takwenya!" Alicheka mpaka shanga zikapiga kelele. Akaita mabinti wake waje waone Mkikuyu anasalimia kama babu.

Si mzee vile nilifikiria. Miaka sitini na kitu, amenyooka, macho makali. Swahili yake ni kama yangu.

Nikatoa simu. Akaiweka karibu na jicho, akaiweka mbali.

"Hiyo ni yangu. Ilitoka kwa nyumba ya ndama."

Alama ilikwaruzwa na mzee wake, Mungu amweke, kwa sababu alikuwa anaweka alama kila kitu. Hata redio. Hata kiti. Nikauliza basi ilifika aje kwetu. Akamimina chai.

"Niliahidi kunyamaza mpaka wale wanaume wenu wa kwanza wote wazikwe. Gichuru bado anapumua?"

"Anapumua sana, Koko."

"Basi."

Nikabembeleza! Nikamwambia nyumba inabomolewa, vitabu, Mbugua, kila kitu. Akasikiliza vizuri kabisa. Akaniongeza maziwa. Nikisimama kwenda ndio akasema, rudi umuulize yule anajificha nyuma ya maharagwe.

Amejuaje maharagwe?!


Jumapili, 17 Agosti

Cucu ameongea. Naandika yote kabla haijanitoka.

Nilirudi kutoka kanisa, nikachukua ungo, nikakaa, nikaanza kuchambua naye. Sikuuliza. Ndiyo mara ya kwanza kwa maisha yangu sijauliza kitu. Ilichukua kama sufuria nzima ya maharagwe.

Ilikuwa Aprili, wanaume wako Kajiado, mvua siku ya pili. Nyumba zote zingine zilikuwa za nyasi, zimelowa mpaka kitanda. Na Nduta, mama yake Mbugua, akashikwa na uchungu. Wakambeba nyumba ya mabati. Lakini lile pengo! Maji inaingia pale pale amelala, wakaweka gunia, gunia ikashindwa. Hakuna mkunga. Cucu akakimbia kwa boma iliyo karibu — ile boma wanaume waliapa hawataenda kuomba hata chumvi.

"Wao ndio waliapa," Cucu akasema. "Mimi nilikuwa naangalia kuku."

Alimkuta Resiato, ameolewa juzi tu, msichana. Alienda kuomba mtu wa kusaidia kuzalisha, si bati. Resiato akaja, akaangalia Nduta, akaangalia juu. Akatoka mbio. Cucu akafikiri ameogopa. Kidogo anaonekana kwa matope na bati juu ya kichwa, upepo inamsukuma huku na kule kama mlevi, na yeye anacheka! Wakapanda wao wawili. Nyundo hakuna. Walipigilia na jiwe.

Halafu Resiato akashuka akakata kitovu. Mtoto ni Mbugua! Chairman! Kila mtu anajua alizaliwa hapo, yeye mwenyewe hujisifu ati ndiye mtoto wa kwanza wa Mabati Saba. Lakini nani alimpokea — hakuna mtu anajua. Mama yake aliondoka na hiyo siri.

Kwa nini siri? Kwa sababu ya kile kiapo. Wanaume wangejua, wangeirudisha siku hiyo hiyo, na mvua vile inanyesha, na mtoto hapo chini. Kwa hivyo ni upepo. Wakapaka masizi juu ya alama. Na Resiato naye akamwambia mzee wake bati ya ndama imebebwa na upepo.

"Kwake upepo ilichukua," Cucu akasema, "kwetu upepo ikaleta." Akacheka mpaka ungo ikamwagika. Sijawahi kumwona hivyo. Alikuwa kama wa rika yangu.

Na Alhamisi! Wakati borehole ilichimbwa, wanawake ndio walisimama wakasema siku moja ni ya ng'ombe, na hatutaki kuulizwa mbona. Wanaume wakachoka kuuliza. Kumbe tumekuwa tukisema asante kila wiki, na hatujui tunasema!

Nikamuuliza sasa mbona uliweka kidole, Cucu. Wewe wa kwanza.

Akasema alitaka ishuke ndio amrudishie mwenyewe. Akiwa bado na nguvu ya kuibeba kwa kichwa.

Ako na miaka themanini na moja.

Sasa mimi nataka ikae, yeye anataka ishuke. Na hakuna mmoja wetu amekosea. Nimelia kidogo, halafu nimekula chapati tatu.


Jumanne, 19 Agosti

Nilienda kwa Mbugua na picha. Sikumwambia mambo ya kitovu, Cucu amekataa, ati hiyo ataisema mwenyewe na mdomo yake. Nikamwambia tu bati ni nane na ya nane iko na mwenyewe.

"Hiyo ni kiatu ya fundi imekwaruza."

"Kiatu gani iko na mikia?"

Akapanda. Na koti ya ngozi! Watu wakatoka kwa duka kuangalia. Alishuka na kutu kwa magoti na mdomo umekuwa mdogo. "Ni nane," akasema, kama mtu anasoma matokeo ya hospitali.

Lakini Mbugua ni Mbugua. Akapangusa magoti akasema vizuri, sheria ni sheria. Huyo mama aje Jumamosi saa nne, mbele ya watu, aseme ndiyo ama hapana. Akisema hapana, nyumba inabaki na ufunguo ni wangu. Akisema ndiyo, lori inapakia. "Na Caro — akisema ndiyo, wewe ndiye unapiga nyundo ya kwanza."

Tukapeana mkono.


Alhamisi, 21 Agosti

Siku ya ng'ombe. Yule mchungaji alikuja na ujumbe. Koko atakuja. Halafu akaongeza, akisukuma ndama: ati Koko anajenga upya nyumba ya ndama, na amepungukiwa na bati.

Moja.

Nilikaa chini hapo hapo kwa matope ya birika. Cucu alivyosikia alifurahi kama mtoto! Ameanza kusokota ngata ya kuwekea mzigo kichwani. Ya majani ya migomba, mpya. Ametuma mtu akatafute majani mpaka Kitengela.


Ijumaa, 22 Agosti

Historia imefika mwisho. Kurasa thelathini na moja. Nimemaliza kitu! Valerie amesoma, amesahihisha koma, akaniambia sentensi ya kwanza ni ya uongo. Najua. Nimeiacha. Sijui ya kweli inaandikwa aje bado.

Nimerudishia Mama Kimani simu. Inaita. Haisikii, lakini inaita.

Karatoni sijafungua. Kama kesho ni ndiyo, zibaki tu chini ya kitanda, sitaki watu wazione.


Jumamosi, 23 Agosti

Saa tatu na nusu. Lori ishafika. Kubwa, ya bluu, dereva hajazima injini, ati anaharakisha ako na kazi ingine Isinya. Vijana wawili na nyundo. Watu ni kama harusi. Naandika nikiwa nimeegemea ukuta wa nyumba.

Cucu amevaa ile nguo ya Krismasi. Ngata iko mkononi.

Saa nne. Amekuja! Shuka nyekundu na bluu, shanga mpaka kifuani, mabinti watatu nyuma na fimbo mkononi kama chairman wa ukweli. Cucu akasonga mbele. Wamesimama wakiangaliana. Cucu akasema, umezeeka. Koko akasema, wewe ulianza. Wakashikana mikono na hawajaachana mpaka saa hii.

Mbugua akakohoa, akasoma sheria kutoka kwa daftari ya Mzee Gichuru, sauti ya bunge. Halafu: "Mama, bati ya nane ni yako. Ni ndiyo ama hapana?"

Koko hakumwangalia. Akamuuliza Cucu, "Ni huyu?"

"Ndiye."

Akamzunguka Mbugua polepole, kama mtu ananunua fahali. "Ulikuwa mdogo kama mwana-mbuzi," akasema. "Bluu. Nilikupiga matako ndio ukalia. Ukalia sana. Sasa naona hujanyamaza."

Watu walianguka na kicheko! Mbugua alikuwa anasema nini, nani, lini — na Cucu akasimama hapo mbele ya kila mtu akasema yote. Pengo, gunia, bati kwa kichwa, jiwe. Mama yake. Kitovu. Mbugua alivua ile koti. Sijui kwa nini, hakuna joto. Aliishika tu mikononi.

Na Mzee Gichuru! Alikuwa amekaa kwa jiwe. Akainuka. "Rahab. Miaka thelathini na nane nimekuwa nikishukuru upepo?"

"Si Mungu alisikia tu," Cucu akasema. "Anajua nani ni nani."

"Mbele ya kanisa! Kila Jumapili!"

Koko akamwambia, Gichuru, bado unapumua, nimechoka kukungoja. Yeye akacheka wa kwanza, na yale meno sita.

Saa nne na nusu. Mbugua ameuliza tena, sauti ya chini sasa. Ndiyo ama hapana, Mama. Koko amesema hawezi jibu kitu amesimama kwa jua. Ameingia ndani. Cucu amemfuata na ngata. Wametoa mbuzi. Wanaangalia juu, Koko ameonyesha na fimbo: ile pale. Misumari ilipigiliwa na jiwe bado imepinda. Cucu amesema Koko alikuwa anapigilia vibaya, Koko amesema ni Cucu alikuwa anashika vibaya.

Halafu ameuliza chai iko wapi. Mama Kimani amekimbia.

Watu wanataka kuona, wanasukumana mlangoni. Mzee Gichuru lazima akae. Mbugua ameangalia huku na kule, halafu — mimi nimeona na macho yangu — ametoka yeye mwenyewe, na koti imetupwa kwa ua, anabeba fomu za kanisa, zile benchi ndefu. Analeta NDANI. Ya kwanza. Ya pili. Wale vijana wa lori wameweka nyundo chini wakamsaidia na ya tatu. Dereva amezima injini.

Koko anakunywa chai. Bado hajajibu. Amesema ndama zinaweza ngoja, ama haziwezi, ataona. Kwanza anataka kusikia hiyo daftari anaambiwa imeandikwa na yule msichana wa Takwenya. Anataka kujua kama jina yake iko.

Wananiita. Cucu amenifanyia nafasi kwa fomu, ngata ameikalia. Valerie anapiga miluzi. Mbugua, jasho kwa paji: "Soma bana, Caro, chai inapoa!"

Ukurasa wa kwanza. Familia zilikuwa saba. Ngoja — nafuta saba. Kalamu inakwaruza, kila mtu ananingoja, sijali. Naandika nane.